Kiu Moja, Vikombe Viwili: Mwongozo wa Mazoezi ya Kibuddha kwa Anayeacha Ulevi Wakati Watu Wamegawanyika

Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba 2025, simu yangu ililia mfululizo mpaka nikaiweka juu ya gunia la dagaa isije ikadondoka. Zilikuwa jumbe za siku kadhaa zilizokwama tangu Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilipozimwa: picha, sauti, lawama, dua. Kwenye kundi la familia shemeji yangu alikuwa ameandika kwamba watu wa aina yangu ndio wanaoiharibu nchi. Nikaanza kumjibu. Nilipofika mstari wa tatu niligundua ulimi umekauka, taya zimebana, na mkono wa kushoto unapapasa chini ya meza, pale nilipozoea kuficha chupa. Chupa haikuwepo. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minne tangu ninywe mara ya mwisho, lakini mkono ulikuwa bado unaijua njia.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa jambo nililokuwa nimelisikia mara nyingi bila kulishika. Mwili wangu haukuona tofauti kati ya kiu ya gongo na kiu ya kumjibu shemeji. Ilikuwa kiu ileile, imebadilisha kikombe tu.

Haya ninayoandika ni kwa ajili yako uliyeacha, au unayejaribu kuacha, pombe, unga, bangi au mirungi, na unaishi mahali ambapo watu waliokuwa wakila sahani moja sasa hawasalimiani. Ninaandika kutoka Mwanza kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko nilikolewea. Nimekuwa mchuuzi wa dagaa Kirumba, pale Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, kwa zaidi ya miaka kumi. Sina cheo chochote katika Ubuddha. Nina mazoezi ninayoyafanya kila siku, na yameniweka hai.

Kabla ya yote, dawa

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo ndipo utulie, usiache ghafla ukiwa umejifungia chumbani. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Baadaye, siku ya pili au ya tatu, kunaweza kufuata kuchanganyikiwa kukali, kuona visivyokuwepo, homa na mapigo ya moyo kwenda mbio, na hali hiyo huua. Nenda kituo cha afya ukiwa na mtu, useme ukweli wa kiasi unachokunywa. Usipunguze kwa aibu, kwa sababu daktari hupima dawa kwa kile ulichomwambia.

Kwa anayetumia unga, yaani heroini, methadone ipo, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mwanza hutolewa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure. Kikombe kile cha kila siku si ulevi. Wapo watakaokuambia kwamba mtu anayetafakari hapaswi kutegemea dawa. Awe mchungaji, shehe au mtawa, usimkubalie. Ahadi ya Kibuddha kuhusu vileo inahusu kile kinachomfanya mtu apoteze umakini, na methadone, ikitumiwa kama ulivyoelekezwa, ndiyo inayomrudishia mwenzetu umakini wake.

Hakuna anayekubadili dini

Hili lazima nilimalize mapema, maana huku kwetu ukionekana umekaa kimya umefumba macho, jirani anauliza unaabudu nini. Mimi ni Mkatoliki, nasali misa ya kwanza kila Jumapili. Katika kikundi chetu cha walioacha yupo Mwislamu ambaye hajaacha swala hata moja tangu apate nafuu. Siddhartha Gautama, mtu wa kaskazini mwa Bara Hindi aliyeishi yapata karne 25 zilizopita, hakudai kuwa Mungu. Aliitwa Buddha, yaani aliyeamka.

Kuna kisa chake ninachokipenda kuliko vyote. Alifika kwa watu wa Kalama, kwenye mji uitwao Kesaputta, wakamlalamikia: walimu wanapita hapa, kila mmoja anasifu mafundisho yake na kuyatemea mate ya wenzake, sasa tumwamini nani? Akawajibu wasishike jambo kwa kuwa limesikika, au kwa kuwa ni desturi, au kwa kuwa aliyelisema ni mwalimu wao. Watazame wenyewe: chuki ikiingia moyoni mwa mtu, inamletea faida au hasara? Wakasema hasara. Basi iacheni, akawaambia.

Nakuomba nawe uyapokee hivyohivyo mazoezi haya. Yajaribu kwa wiki 6, uone.

Ukitaka mwalimu wa ana kwa ana, Dar es Salaam lipo hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na jamii ya watu wa Sri Lanka tangu enzi za ukoloni. Na ng'ambo ya ziwa letu hili la Victoria, Garuga karibu na Entebbe nchini Uganda, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa utawa mwaka 2002. Huwa nafarijika nikikumbuka kwamba maji yanayopiga mawe yetu ndiyo yanayopiga ufuo wake.

Kiu

Katika lugha ya Kipali, ambayo ndiyo yenye maandiko ya zamani ya Kibuddha, chanzo cha mateso huitwa *tanha*. Maana yake halisi ni kiu. Nilipolijua hilo nilikaa nalo siku nzima. Mimi nilikuwa nikisema "nasikia kiu" kila nilipotaka kwenda kilabuni, na mama alielewa kabisa kwamba simaanishi maji.

Mafundisho ya msingi ni manne. Maisha yana mateso. Mateso hayo yana chanzo, nacho ni kiu. Kiu inaweza kukoma. Ipo njia ya kuikomesha, na hiyo ndiyo mazoezi. Buddha aliyapanga kama tabibu anavyofanya: ugonjwa, kisababishi, kwamba unatibika, na tiba.

Kiu huhama. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba, Machi 1, 2017, mimi sikuacha kunywa hata siku moja. Nilihamia gongo. Nilipoacha gongo nilihamia ubishi. Niliingia makundi 11 ya WhatsApp, nikawa nalala saa nane usiku, nikiamka natafuta simu kabla sijatafuta kandambili. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Baba Neema, macho yako yamerudi kuwa yale ya zamani." Hasira ina utamu wake. Inapandisha damu, inakufanya ujione mkubwa na mwenye haki, na ikishuka inakuacha mtupu ukitaka kitu cha kujaza. Kwa mtu kama sisi, kitu hicho kinajulikana.

Ndiyo maana nyakati za mgawanyiko ni za hatari kwetu kuliko kwa wengine. Jirani yako atagombana kuhusu uchaguzi, atanuna, atalala. Wewe unaweza kuamkia kilabuni.

Hatua ya 1: Ndoo, jiwe na saa kumi na moja

Tafuta mahali na saa, usivibadilishe. Mimi hukaa Kitangiri, juu ya mawe, saa kumi na moja na nusu alfajiri, juu ya ndoo ya plastiki niliyoigeuza. Nimechagua saa hiyo kwa sababu grosari zimefungwa na makundi ya simu yamelala. Kama nyumba yenu ni ya chumba kimoja na watoto wamelala chini, kaa ukingoni mwa kitanda. Usisubiri utulivu, Mwanza hutaupata: kuna mbwa, kuna adhana, kuna bodaboda linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

Kaa mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa. Mikono juu ya mapaja. Macho yafumbe, au yaelekeze chini hatua mbili mbele yako. Waliopitia mambo ya kutisha wengi huona nafuu kuyaacha wazi. Sikiliza pumzi inapoingia na kutoka puani. Usiivute kwa nguvu. Kila inapotoka, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudi moja. Ukijikuta umefika 17, au umefika kwenye deni la mwenye nyumba, rudi moja bila kujisonya. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Watu wengi huacha wakidhani wameshindwa kwa sababu mawazo yanakuja. Akili huleta mawazo kama ziwa linavyoleta magugu, na kazi yako ni kurudi moja.

Anza na dakika 5 kwa wiki ya kwanza. Kisha 10. Baada ya mwezi, 20 kama unaweza. Ninapoketi kukiwa bado giza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Kunapopambazuka zinazimwa moja moja. Sizihesabu, nahesabu pumzi, lakini nikifumbua macho nakuta zimebaki tatu, kisha mbili, na mitumbwi imegeuza kuelekea mwaloni.

Hatua ya 2: Acha wimbi lipite

Hili ndilo zoezi litakalokuokoa siku mbaya, kwa hiyo lifanyie mazoezi siku nzuri.

Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye G. Alan Marlatt, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliyechanganya elimu ya uraibu na kutafakari kwa Kibuddha, aliifananisha hamu na wimbi la kulipanda na kuteleza juu yake. Sisi hatutelezi juu ya mawimbi, lakini mvuvi yeyote wa Ukerewe anajua jinsi ya kukutana nayo: huligeuzii ubavu, utapinduliwa. Unalielekezea pua ya mtumbwi, unapunguza mwendo, unaliacha lipite chini yako.

Hamu ikija, kaa chini. Kama uko njiani, simama, egemea ukuta. Jiulize: iko wapi mwilini? Usijibu kwa maneno kama "nataka kunywa". Jibu kwa mahali. Yangu huanzia kooni, pakavu, kisha hushuka kifuani kama kitu kinachosukuma kutoka ndani, kisha viganja vinatoa jasho. Ipe pumzi mahali hapo ilipo. Itazame inavyopanda. Itafika kilele, na kileleni itakuambia kwamba haitaisha kamwe mpaka uinywe. Hapo ndipo wengi tunapojisalimisha, hatua chache kabla haijaanza kushuka. Endelea kupumua. Itashuka. Inaweza kurudi baada ya muda, nayo itashuka tena.

Fanya hivyohivyo kwa hasira. Umeona picha iliyokuchoma, au jirani amekutukania chama chako au dini yako: weka simu kifudifudi na utafute hasira mwilini. Nilipofanya hivyo siku ile ya shemeji, niliikuta palepale kooni. Mahali pamoja kabisa.

Kabla ya kushindana na wimbi lolote, kagua mambo manne ambayo watu wa vikundi vya kupata nafuu huyataja kila mara: njaa, hasira, upweke, uchovu. Mara nyingi sahani ya ugali na usingizi wa saa mbili vinafanya kazi kubwa kuliko falsafa yoyote.

Hatua ya 3: Mshale wa pili

Buddha alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale, kisha papo hapo akachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni yale tunayoyaongeza: kulalamika, kujilaani, kusuka hadithi.

Ndugu yako amefungiwa biashara. Rafiki yako hajulikani alipo. Mtoto ameogopa milio aliyoisikia usiku. Hiyo ni mishale ya kwanza, nayo ni ya kweli; sitaki mtu yeyote akuambie kwamba maumivu hayo ni mawazo yako tu. Lia, msindikize aliyefiwa, nenda ukatoe taarifa. Mshale wa pili ni ule unaojichoma saa saba usiku, ukirudia video ileile mara ya tisa, ukisema moyoni "wote ni walewale, hakuna mtu, bora nilewe tu."

Chukua daftari. Kwa siku 7, kila jioni andika mistari miwili. Wa kwanza: kilichotokea. Wa pili: nilichoongeza. Mfano kutoka daftari langu: "Mzee wa duka la jirani hakuitikia salamu." Chini yake: "Nimeongeza: ananichukia kwa sababu ya kura, mtaa mzima unanisema, nimerudi kuwa teja machoni mwao." Kesho yake nilisikia kwamba mzee yule alikuwa na jino.

Hatua ya 4: Ahadi tano na simu moja

Mbuddha wa kawaida hushika ahadi tano: kutoua, kutochukua kisichotolewa, kutotumia vibaya tendo la ndoa, kutosema uongo, na kutotumia vileo vinavyoondoa umakini. Ni ahadi, kwa kuwa unazitamka mwenyewe na hakuna anayekuamuru. Mimi huzisema kila asubuhi kabla ya kuinuka kwenye ndoo.

Ya tano unaijua. Ya nne ndiyo iliyonishinda. Mafundisho yanasema neno jema lina alama tano: linasemwa kwa wakati wake, ni la kweli, ni la upole, lina manufaa, na linatoka kwenye moyo wa kutakia mema. Sasa pitisha humo ile sauti uliyotumiwa iliyoandikwa "imesambazwa mara nyingi". Ni ya kweli? Umejuaje? Ina manufaa kwa dada yako aliye Nansio usiku huu, au itamnyima usingizi?

Nilichofanya ni hiki. Nilitoka makundi 8 kati ya 11. Simu hailali chumbani, hulala jikoni. Sigusi ujumbe wowote wa siasa kabla ya kukaa asubuhi wala baada ya saa mbili usiku. Na jibu lolote la hasira huliandika kwenye daftari kwanza, likae usiku mmoja. Mpaka sasa nimetuma mawili tu, na nayo niliyafupisha.

Kuna kisa cha mtu aliyemjia Buddha akamporomoshea matusi. Alipomaliza, Buddha akamuuliza: ukiwakaribisha wageni chakula wasile, chakula ni cha nani? Akajibu, kinabaki changu. Basi na matusi haya sikuyapokea, yabaki yako. Kwetu, ambako kukataa chakula cha mtu ni jambo zito, kisa hiki kina uzito wa pekee. Matusi tunayapokea kwa mikono miwili kana kwamba ni heshima kuyala.

Usinielewe vibaya. Simwambii mtu anyamaze mbele ya dhuluma. B. R. Ambedkar, mwanasheria wa India aliyewatetea watu wa tabaka la chini, aliingia Ubuddha mjini Nagpur, Oktoba 14, 1956, pamoja na mamia ya maelfu ya watu waliodharauliwa kwa tabaka lao, na alifanya hivyo kwa ajili ya haki. Mtawa wa Kivietnam, Thich Nhat Hanh, alikwenda Marekani mwaka 1966 kuomba vita vya Vietnam visimame, pande zote mbili za Vietnam zikamkatalia kurudi, akaishi uhamishoni mpaka aliporuhusiwa kutembelea kwao mwaka 2005. Na ni lazima niseme upande wa pili pia: huko Myanmar watu waliovaa kanzu za kitawa wamehubiri chuki dhidi ya Waislamu. Vazi halimkingi mtu na kiu. Sema ukweli wako, nenda kwenye mkutano wako, piga kura yako, ukiwa hujalewa na umelala usiku uliotangulia.

Hatua ya 5: Mtakie heri mtu usiyemwafiki

Zoezi hili huitwa *metta*, upendo wa kutakia mema. Vitabu vya zamani husema uanze na wewe mwenyewe. Kwa sisi tuliowaibia mama zetu, kujitakia heri mwanzoni ni kama kumeza mfupa wa sangara, kwa hiyo mimi nashauri uanze na mtu ambaye moyo hauna ubishi naye. Mimi huanza na bibi yangu, namwona ameketi kwenye kigoda anapepeta mchele.

Sema polepole, kwa pumzi: *Uwe salama. Uwe na afya. Uwe na amani. Maisha yako yawe mepesi.* Dakika 2 kwa bibi. Kisha kwako mwenyewe, hata kama maneno ni makavu. Kisha kwa mtu usiye na habari naye, labda kondakta wa daladala ya asubuhi. Mwisho, mtu mgumu. Usianze na yule aliyekuumiza kabisa. Anza na anayekukera kidogo.

Nilimweka shemeji hapo. Wiki ya kwanza nilitamka maneno huku meno yamebana. Wiki ya tatu nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau: mwaka niliolala mtaroni Mabatini, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nyumbani, akanifulia suruali. Maoni yake yako palepale. Lakini koo langu halikauki tena nikiona jina lake.

Hatua ya 6: Siku za mbalamwezi

Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zivute samaki. Mwezi ukiwa mpevu, kazi husimama, vijana wanabaki nchi kavu na hela mfukoni, na vilabu vya mialoni hujaa. Mimi nililewa kwa kalenda hiyo miaka mingi bila kuigundua.

Wabuddha nao hufuata mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni siku za *uposatha*, ambapo watu wa kawaida huongeza bidii, hushika ahadi nane badala ya tano, huacha ngoma na anasa. Kalenda moja, usiku uleule. Nikaamua usiku wangu wa hatari uwe usiku wangu wa mazoezi. Mwezi ukipevuka sishiki simu tangu jioni, nakaa mara mbili, na mwenzangu mmoja analala kwetu au mimi kwao. Wengine hufunga kula baada ya saa sita mchana. Kwa mtu aliye kwenye miezi ya mwanzo ya kuacha, njaa ni mlango wa hamu, kwa hiyo kula.

Wewe huenda kalenda yako ni nyingine: siku ya mshahara, siku ya mechi, mnada wa Jumapili. Iandike. Weka mazoezi hapohapo.

Hatua ya 7: Wenzio

Mwanafunzi wa Buddha aitwaye Ananda alimwambia kwamba marafiki wema ni nusu ya maisha ya utakatifu. Buddha akamkatiza: usiseme hivyo Ananda, ni maisha yote ya utakatifu.

Tuko wanne. Tunakutana Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kwenye chumba cha fundi cherehani akishafunga. Simu zote huingia kwenye sufuria yenye mfuniko. Tunakaa kimya dakika 15. Mmoja anasoma aya fupi. Kisha kila mtu anaongea dakika 5 bila kukatizwa, na hakuna anayemjibu wala kumshauri mpaka yeye mwenyewe aombe. Tunamaliza kwa chai.

Wawili wetu wana chama kimoja, wawili kingine, na wiki za uchaguzi tulikaribia kuvunjika. Tuliponusurika ilikuwa kwa kanuni moja: humu ndani unasema mwili wako ukoje, husemi mgombea wako yukoje. "Nina hofu, sijalala siku mbili" inaruhusiwa. Kumjadili kiongozi, nje, baada ya chai.

Kanuni hiyo ina historia. Mwaka 1840, Baltimore nchini Marekani, walevi sita waliapa pamoja kuacha pombe wakaanzisha chama cha Washingtonian. Kilikua kwa kasi ya ajabu, kisha kikaingia kwenye mabishano ya siasa na sheria za pombe, kikafifia ndani ya miaka michache. Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, kilijifunza kutoka hapo: katika desturi zake 12, ya kumi inasema chama hakina maoni juu ya mambo ya nje. Kama huna mtu karibu, Recovery Dharma, mtandao ulioanza mwaka 2019, hufanya mikutano ya Kibuddha ya kupata nafuu kwa njia ya intaneti, bila malipo. Ni kwa Kiingereza zaidi, na saa zake zinahitaji kuhesabu vizuri. Lakini tafuta hata mtu mmoja wa mtaani kwako. Anayejua kugonga mlango.

Ukianguka

Mwambie mtu siku hiyohiyo, kabla jua halijazama. Kama ulikuwa wa unga, kumbuka mwili uliopumzika hauwezi tena kipimo cha zamani. Wengi hufa kwa kete waliyoizoea. Usitumie peke yako, na urudi kliniki hata kama unanuka.

Kesho yake, ndoo. Pumzi moja. Katika visa vya zamani yumo Angulimala, muuaji aliyekuwa akivaa vidole vya watu shingoni, akaacha, akawa mtawa. Watu waliendelea kumrushia mawe akienda kuomba chakula. Alirudi kichwa kinavuja damu na bakuli limevunjika, Buddha akamwambia avumilie. Namtaja kwa sababu mtaa hautakusahau haraka, na huhitaji mtaa ukusahau ndipo ukae.

Siku nchi inapochafuka

Jiandae wakati kumetulia. Kama unakunywa dawa za kliniki, waulize mapema: barabara zikifungwa nifanye nini? Pata jibu lao, liandike kwenye karatasi. Weka ndani chakula cha siku 4, maji, mafuta ya taa au gesi, pesa taslimu kidogo ambazo anazishika mtu mwingine. Namba tatu za wenzio ziwe kwenye karatasi pia, na vocha ya kupigia, kwa kuwa intaneti inaweza kuzimwa na kupiga kukabaki. Kubaliana nao saa ya kupigiana kila siku. Yule anayeishi peke yake ahamie kwa mwenye familia kabla ya siku yenyewe. Na ukae mara tatu kwa siku, hata dakika 5. Siku zile tulikaa na fundi cherehani chini ya dirisha, mgongo ukutani, tukihesabu kwa sauti ndogo ili kila mmoja amsikie mwenzake.

Shemeji alinipigia Januari. Nyavu zake zilikuwa zimenasa kwenye magugu upande wa Kamanga, akataka mtu wa kusaidia kuvuta. Nilikwenda. Tulivuta kutwa nzima, tukachoma sato wawili, akaniuliza kama bado naketi kwenye ndoo. Nikamwambia ndiyo. Akasema alfajiri akiwa ziwani, kabla ya kuzima taa, huwa anatazama upande wa Kitangiri. Kuhusu uchaguzi hatujakubaliana hadi leo.